Bomu la Saanane na maswali mengine ya Vita vya Kagera

Maswali ya safari hii ni ya vita na mipaka. Mengi yametoka kwa vijana ambao nduli Idi Amin, mtawala wa Uganda tuliyepigana naye, wamemkuta kwenye vitabu tu.

Babu anasema Mwanza iliwahi kupigwa bomu. Ni kweli au ni stori za kijiweni? (Nyegezi)

Babu yuko sahihi. Machi 1979 Amin alikuwa anazidiwa, na Gaddafi wa Libya akatuma ndege ya kivita aina ya Tupolev ije kuitia Tanzania hofu. Shabaha ilikuwa matangi ya mafuta ya hapa mjini. Mabomu yakakosa, yakaangukia kisiwa cha Saanane, kile unachokiona ukisimama Capri Point, ambacho tayari kilikuwa hifadhi ya wanyama. Waliokufa ni swala. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa. Wazee husimulia kwa kicheko, nami hucheka nao, ila kutoka Saanane hadi katikati ya mji ni mwendo mfupi sana wa boti.

Amin alidai mpaka ni mto Kagera. Alikuwa na hoja? (Bukoba)

Kwa ramani, hapana. Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890 walifuata digrii moja kusini mwa Ikweta, mstari wa rula usiojali mto wala kijiji. Mto umepinda kusini mwa mstari huo, hivyo takriban kilomita za mraba 1,800 za Tanzania zimebaki ng'ambo ya maji. Jeshi la Amin liliingia humo mwishoni mwa Oktoba 1978, Novemba 1 akatangaza kwamba eneo ni lake, na siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Ng'ombe waliswagwa kuvuka mpaka na watu wakakimbilia kusini. Yote hayo wakati nchi za OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, zilikwisha kukubaliana Cairo mwaka 1964 kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni.

Lakini nasi tuseme yetu. Nyerere hakuwahi kumtambua Amin, alimpa hifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, na mwaka 1972 wafuasi wa Obote walivamia Uganda wakitokea kwetu.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Mbona wanajeshi wetu hawakurudi nyumbani? (Igoma)

Kwa sababu waliikuta nchi haina jeshi wala polisi. JWTZ ililinda barabara na ofisi, ikaanza kufundisha askari wapya wa Uganda. Yusuf Lule, rais wa kwanza baada ya Amin, aliondolewa Juni 1979 baada ya siku 68. Watu wa Kampala wakaandamana, na mitaa hiyo ilikuwa inalindwa na wanajeshi wetu. Binaisa, aliyemrithi Lule, naye aking'olewa Mei 1980, hawakuingilia. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Obote, na sehemu kubwa ya jeshi ikaondoka katikati ya 1981.

Hapa shuleni tunafundishwa ukombozi, na Waganda wengi walishangilia kweli. Ila muulize mtu wa Masaka: mji wake ulibomolewa kulipiza kisasi cha Kagera. Kwa maoni yangu kumtoa Amin ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Kukaa miaka miwili na bunduki kwenye nchi ya wenzako, kila anayenyimwa madaraka akikutazama wewe, ndiko kulikotuchosha. Kwetu bili ilikuja kwa jina la miezi 18 ya kufunga mkanda, na aliyepanga foleni ya sabuni anajua kwamba miezi hiyo haikuisha kwa wakati.

Baada ya ushindi, mpaka ulisogezwa? (Missenyi)

Hata hatua moja. Mutukula ni pale pale, na tangu 2017 kuna kituo cha pamoja cha forodha.

Na Migingo je, si ya kwetu? (Ukerewe)

Hapana, huo ni ugomvi wa Kenya na Uganda. Kisiwa chenyewe hakifikii nusu ya uwanja wa mpira. Mwaka 2009 Museveni alisema mwamba ni wa Kenya ila maji ni ya Uganda, na sangara, kama mnavyojua huko Ukerewe, hawavuliwi mwambani.