Seiko 5 mpya: imesimama asubuhi, na inakwenda mbele sekunde 18

Mkuu, umeuliza kama hiyo saa ya mkononi ni mbovu kwa kusimama asubuhi na kwenda mbele sekunde 18 kwa siku. Saa yako ni nzima. Kama mashine ya ndani ni aina ya 4R36, Seiko wenyewe wanaruhusu kati ya sekunde +45 (mbele) na -35 (nyuma) kwa siku, kwa hiyo sekunde 18 ni kidogo. Kusimama kunatokana na spring kutojaa, maana saa hii haina betri, spring inajazwa na mwendo wa mkono. Ukikaa ofisini mkono hautembei vya kutosha, kwa hiyo ijaze mwenyewe. Usivute kifundo (kile cha pembeni cha kurekebishia saa), kiache kilipo, kizungushe kuelekea namba 12. Mizunguko 20 inaiamsha, kama 55 inaijaza, na hapo inakwenda kwa muda wa takriban masaa 41. Usiogope kuzidisha, spring inateleza yenyewe ikijaa. Utasikia tu tik-tik laini kidoleni.

Kosa linaloua hizi saa ni kubadilisha tarehe wakati mbaya. Usiibadilishe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, meno ya gia yanakuwa yameshikana na yanaweza kuvunjika. Peleka mishale yote miwili chini kwenye namba 6 kwanza (yaani saa 12:30 kwa Kiswahili).

Ikianza ghafla kukimbia mbele dakika nzima kwa siku, isogeze karibu na dira ya simu. Sindano ya dira ikicheza, saa imeshika sumaku. Fundi anaiondoa kwa dakika moja, asikufungulie mfuniko bure.