Kusajiliwa kucheza mpira wa kikapu katika chuo cha miaka miwili Marekani: jibu kwa kijana wa Kisumu

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako kwa makini. Umesema umemaliza kidato cha nne, una urefu wa mita 1.93, shuleni ulikuwa ukicheza senta, na kuna wakala anayetaka dola 1,500 ili akutafutie nafasi katika chuo cha miaka miwili huko Marekani. Unataka kujua kama njia hiyo ni ya kweli na makocha wa vyuo hivyo hutazama nini. Mimi nilipitia huko huko: nilicheza katika chuo kidogo cha Kansas, kisha nikahamia chuo cha miaka minne, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona.

Njia yenyewe ni ya kweli. Vyuo hivi vina chama chao, NJCAA, kilichoanzishwa mwaka 1938, na fainali zake za taifa za wanaume, daraja la kwanza, zimekuwa zikichezwa katika mji wa Hutchinson, Kansas, tangu mwaka 1949. Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College, Texas, akahamia Marquette, na mwaka 2011 Chicago Bulls wakamchukua akiwa wa 30 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Wachezaji wa namna hiyo ni wachache sana. Wengi wetu tulichokipata ni miaka miwili ya masomo iliyolipiwa na mlango wa kuingia chuo kikuu, na kwa kijana wa kwetu hicho si kitu kidogo.

Kabla ya kumjibu kocha yeyote, fahamu chuo chake kiko daraja gani. Chuo cha daraja la kwanza kinaruhusiwa kukulipia ada, vitabu, malazi na chakula, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi mara moja kwa mwaka. Cha daraja la pili kinaweza kulipa ada na vitabu, lakini kitanda na chakula ni juu yako. Cha daraja la tatu hakitoi ufadhili wa michezo kabisa. Vyuo vya jamii vya California, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, viko chini ya chama kingine, CCCAA, ambacho nacho hakiruhusu ufadhili huo, kwa hiyo mtu akikuahidi kusomeshwa bure na mpira huko, mwombe maandishi. Na hata katika daraja la kwanza, kuruhusiwa kulipa yote si sawa na kulipa yote. Kinachohesabika ni barua rasmi ya NJCAA utakayotia saini, ambayo hutaja kila kinacholipiwa, na ambayo hudumu mwaka mmoja wa masomo tu. Neno la kocha kwenye simu, hata akiwa mtu mwema, halitakufikisha ubalozini.

Sasa nije kwenye uchezaji wako, maana hapa ndipo vijana wengi wa kwetu hukwama. Shuleni kwetu mwenye urefu kama wako huwekwa chini ya kikapu, adake ribaundi na kuziba, kwa sababu ndiye mrefu kuliko wote. Huko uendako, senta huwa na mita mbili na zaidi, na mtu wa mita 1.93 hucheza nje: anadunda mpira akiwa amekabwa, anatupa pointi tatu, anamkaba mchezaji mfupi mwenye mbio. Video inayokuonyesha ukiwafunga wafupi chini ya kikapu haimwambii kocha lolote analolihitaji. Tafuta timu ya mtaani au ya ligi ya kaunti itakayokuruhusu kucheza nje, hata kama itakubidi uanzie benchi, na urekodiwe huko.

Nilipokuwa mwaka wa pili, kocha wetu msaidizi aliwahi kuniita ofisini tutazame pamoja video ya kijana mmoja kutoka Afrika Magharibi. Mabao ya mwanzo aliyapitisha haraka bila kusema neno. Akafika mahali ambapo yule kijana alinyang'anywa mpira katikati ya uwanja. Hapo akasimamisha, akarudisha nyuma, akatazama tena, kidole kikiwa juu ya kioo kumfuata kijana yule alivyorudi mbio hadi upande wa pili na kumlazimisha mpinzani atupe vibaya. Kisha akauliza mtihani wa kidato chake cha mwisho alipata nini. Ndiyo maana nakusihi uandae vipande vifupi vya dakika tatu au nne, na pamoja navyo mechi nzima isiyokatwa. Aliyeshika simu akae juu, usawa wa katikati ya uwanja, namba ya jezi yako isomeke, na makosa yako yaachwe humo. Kocha mwenye uzoefu akiona video ya mabao matupu hujiuliza kilichofichwa.

Lile swali kuhusu mtihani lilikuwa zito kuliko unavyoweza kudhani. Mchezaji wa NJCAA lazima asome muda kamili, yaani angalau krediti 12 kwa muhula, na akitaka kuhamia daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo cha vyuo vya miaka minne, anatakiwa kuwa na wastani wa alama wa 2.5 kati ya 4 katika masomo yanayokubalika kuhamishwa. Masomo ya kuinua kiwango, kama yale ya hisabati anayopewa aliyeingia akiwa dhaifu, hayahesabiki katika uhamisho. Mwenzangu wa chumba kimoja, mchezaji bora kuniliko kwa mbali, aliitwa na vyuo vitatu katika mwaka wake wa pili, na vyote vikajiondoa vilipoona rekodi yake imejaa masomo ya aina hiyo. Hakuna aliyekuwa amemweleza. Kwa hiyo unapotuma video, tuma na matokeo yako ya KCSE, na ukiingia chuoni umwulize mshauri wa masomo juu ya kila somo: je, hili linahamishika?

Kuhusu fedha, chuo kikikukubali kitakuandalia fomu ya I-20, inayoonyesha gharama zote za mwaka na kiasi ambacho ufadhili unalipa. Pengo linalobaki, hata likiwa la dola elfu chache, familia yako lazima ithibitishe kwa taarifa za benki kwamba inaliweza, na afisa wa viza atakuuliza habari zake. Ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya ombi la viza ni dola 185, nazo hazirudishwi ukinyimwa. Usitegemee kujazia pengo hilo kwa vibarua, kwani viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, kwa kawaida inakuruhusu kazi za ndani ya chuo tu, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Msimu huanza Novemba na kumalizika Machi. Kwa kuwa wachezaji hukaa miaka miwili, karibu nusu ya timu huondoka kila mwaka, na makocha huanza kuijaza kati ya Machi na Juni. Fahamu pia kwamba tangu mwaka 2021, NCAA iliporuhusu wachezaji kuhama bila kukaa nje msimu mzima, wengi wanaokosa nafasi vyuo vikubwa hushukia vyuo vya miaka miwili, hivyo unashindana na watu wazima waliokwisha kucheza huko. Kwa kuwa unahitaji muda wa viza, andika mapema, Januari au Februari.

Kuhusu yule wakala: hakuna kocha wa vyuo hivi anayetoza mchezaji fedha ili amsajili, na anwani za barua pepe za makocha wasaidizi zimewekwa wazi kwenye tovuti za vyuo vyao. Mwulize akutajie chuo kimoja na kocha mmoja aliyekwisha kuiona video yako, kisha mwandikie kocha huyo mwenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo. Akikataa kutaja, weka dola hizo kwa ajili ya SEVIS, viza na nauli.