Kugusa au kitufe?

Ndugu, umesema kila ukirekebisha kipokea sauti chako cha kugusa sikioni muziki unasimama, na sasa unataka kujua kama ununue vyenye vitufe. Usikimbilie dukani kwanza.

Sehemu ya kugusa huhisi ngozi, haijui kama unaamuru au unakipanga tu. Kishike pembeni kwa vidole viwili, kidole kisiguse ule uso bapa. Kisha fungua programu yake kwenye simu uzime mguso mmoja. Miwili na mitatu iache ibaki. Vingi vinaruhusu hivyo, vile vya bei ya chini mara nyingi haviruhusu.

Halafu angalia raba, ile laini inayoingia sikioni. Kwa nini unarekebisha kila dakika? Huenda saizi si yako. Boksini kwa kawaida kuna saizi kama tatu, na wengi wetu hatuzijaribu kabisa. Tena sikio la kulia na la kushoto si lazima yalingane.

Kitufe cha kubonyeza kinafanya kazi hata kwa kidole chenye jasho au glavu, ila kwenye umbo dogo kila ukibonyeza unakisukuma ndani ya sikio. Inaudhi, tena inauma. Ukilazimika kubadilisha, mimi ningechukua vyenye kijiti kinachoning'inia, hasa vya kuminya kijiti chenyewe kama AirPods Pro vya Apple: unaminya kwa vidole viwili, sikio halisukumwi. Na maikrofoni inasogea karibu kidogo na mdomo, hivyo ukipiga simu utasikika vizuri zaidi.