Re: Skripti inamaliza bila kosa lolote ila fonti hazionekani LibreOffice

Mkuu pole, nimeisoma skripti yako ya kuweka fonti kwenye Linux mara mbili, shida ipo kwenye mkdir na cp (amri za kutengeneza folda na kunakili faili), umeandika "~/.fonts" ndani ya alama za nukuu, sasa ukiifunga hivyo bash (programu inayosoma amri zako) haiigeuzi hiyo ~ kuwa folda yako ya nyumbani, inaichukua kama jina tu. Piga ls (inaorodhesha faili na folda) hapohapo ulipoiendeshea, utakuta kuna folda inaitwa ~ na fonti zako zote zimejaa humo.

Na tafadhali sana USIIFUTE kwa rm -r ~ maana rm ni amri ya kufuta, na bila nukuu hiyo ~ ni folda yako ya nyumbani, inafuta vitu vyako vyote, andika rm -r './~'

Mimi yalinikuta hapa Kigoma, steshenari Mwanga, mteja wa kadi za harusi kakaa kwenye benchi anasubiri, nahangaika karibu saa nzima na skripti inaniambia tayari tayari.

Badilisha iwe hivi:

D="$HOME/.local/share/fonts"
mkdir -p "$D"
cp ./*.ttf "$D"/
fc-cache -f

Kama una za .otf ongeza mstari wake. Sudo (amri ya kuendesha kama msimamizi) itoe, hii ni folda yako mwenyewe, ukiendesha na sudo fonti zinaweza kuishia kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, usizione. Ukitaka watumiaji wote wa mashine wazipate ndo unaweka /usr/local/share/fonts, hapo sudo lazima.

Halafu angalia kama mashine inaiona, piga fc-list | grep -i "jina la fonti" (ndani ya nukuu weka jina la fonti yako), ikitokea funga LibreOffice yote ufungue upya. Isipotokea weka hapa majibu ya ls tuangalie.