Insha ya kuomba chuo: "aidha" haiungi aya

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita na mnaanza kuomba vyuo vya Marekani, mwaka wangu wa kwanza wa kuomba nilikataliwa kote. Insha ya Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, mwisho ni maneno 650, na yangu nilikuwa nimeijaza "aidha", "vilevile" na "zaidi ya hayo" za Kiingereza, kama tulivyozoeshwa kwa ajili ya mtihani. Nikaona imeshikamana kweli.

Dada mmoja aliyekuwa akisoma huko aliichapa, akakata aya kwa mkasi, akazichanganya mezani, akaniambia nizipange upya. Nikashindwa. Mimi mwenyewe niliyeandika! Aya zangu zilikuwa abiria wa daladala: wamebanana, hawajuani.

Zilikwenda hivi: "Baba yangu ana duka. Aidha, napenda hisabati. Vilevile, nilikuwa kiranja." Baada ya kuhangaika nazo wiki nzima: "Dukani kwa baba kuna daftari la madeni. Daftari hilo ndilo lililonipendesha hesabu, maana kila Jumamosi mimi ndiye niliyejumlisha. Siku moja jumla ilikataa: mteja mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili." Hakuna "aidha" hata moja. Kila sentensi inashika kitu ilichoachiwa na mwenzake, kisha inaongeza kipya. Kiswahili kinatubeba kwa "hilo" na "ndilo". Kwenye Kiingereza chunga sana "hii" yao ("this") inayosimama peke yake; msomaji anabaki kujiuliza, hii ipi? Rudia nomino tu, si dhambi.

Ukiranja niliutoa. Uliniuma, lakini haukuwa na pa kushikia, na fomu yenyewe ina sehemu ya shughuli za nje ya darasa.

Wa Uingereza, yenu ni tofauti. Kuanzia wanaoanza masomo 2026, UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya huko, wameweka maswali matatu badala ya insha moja ndefu, jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi. Hapo msihangaike na uzi mmoja. Angalieni tu jambo lile lile lisijitokeze kwenye majibu mawili.

Kabla ya kutuma, soma kwa sauti sentensi ya kwanza ya kila aya, hizo tu. Wanaoniletea zao WhatsApp nawasomea hizo kwenye ujumbe wa sauti, bila maoni yoyote. Wengi hujibu: "Basi kaka, ngoja nirudi nayo."