Mume wangu kaipenda Bali, sasa anataka vila kwa jina la dereva

"Anti, shikamoo. Mwaka jana tulienda Bali, kile kisiwa cha Indonesia, siku tisa kusherehekea miaka 15 ya ndoa. Tangu turudi mume wangu hana habari nyingine, usiku wa manane ananitumia picha za vila na mimi nimelala pembeni yake. Ajenti kampatia moja, anasema wageni hawaruhusiwi kumiliki ardhi ila tusijali, hati itaandikwa jina la dereva wa huyo ajenti, mtu mwaminifu, halafu tunaandikishana mkataba pembeni. Dipoziti inatakiwa kabla mwezi haujaisha na hela ni akiba yetu yote. Nikikataa atasema siku zote namkatisha tamaa. Na kusema kweli kule alikuwa mtu mwingine, simu kazima, anacheka na kila mtu, asubuhi tunaongea mpaka chai inapoa. Nifanyeje? Mke wa Vila."

Marahaba mwanangu. Hilo jina ulilojipa limenichekesha, ila la dereva halijanichekesha hata kidogo, tuanze na hapo.

Ajenti kawapa nusu ya ukweli. Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inasema umiliki kamili, wenyewe wanaita Hak Milik, ni wa raia wao, hapo yuko sawa. Alichokimeza ni kwamba sheria hiyohiyo inasema ukimpenyezea mgeni umiliki huo kwa mlango wa nyuma basi biashara nzima ni batili, ardhi inaenda serikalini na hela mliyolipa hamuwezi kuidai. Sasa huo mkataba wa pembeni mtaupeleka kwa jaji yupi? Mkimwonesha mmejishtaki wenyewe. Na wala sisemi dereva ni mwizi, anaweza kuwa mtu safi kabisa, ila naye atakufa siku moja, ataacha mke na watoto, na hao wakifungua hati wataona jina la baba yao, nyie hawawajui.

Njia halali zipo. Kuna Hak Pakai, haki ya kutumia, miaka 30 inaongezwa 20 na kuhuishwa tena 30, lakini hiyo ina masharti yake ya hati za uhamiaji na nyie ni watu wa kwenda likizo. Wengi wanaishia kwenye mkataba mrefu wa kukodi, miaka 25 au 30, ambao tuuite kwa jina lake tu, ni kupanga, ila kodi yote unaitoa siku ya kwanza. Kwa hiyo akikuambia huo ni uwekezaji muulize mwaka wa 20 atakuwa anauza nini, maana atakuwa amebakiwa na miaka mitano au kumi mkononi na nyumba iliyochakaa. Kama bado anaitaka, sawa, bei ya kuongeza muda iandikwe sasa hivi na siyo "tutaelewana", mjue mwenye ardhi ni nani hasa, mhakikishe hapo panaruhusiwa kujengwa maana kuna maeneo yametengwa kwa kilimo, na mthibitishaji wa hati mmtafute wenyewe, asiwe rafiki wa ajenti.

Haya, yamekwisha ya karatasi. Nimeisoma barua yako mara mbili, hujaniambia vila ina vyumba vingapi, hata kama iko karibu na bahari sijui, ila chai iliyopoa umenieleza vizuri mpaka nimeiona. Mimi sidhani mwenzio kapenda kisiwa kiasi hicho. Kapenda kuwa mtu ambaye simu yake imezimwa. Sasa hebu fikiria mwenye nyumba iliyo ng'ambo anavyoishi, pampu ya bwawa imekufa anapigiwa, paa linavuja anapigiwa, mlinzi kagombana na jirani anapigiwa, na hayo yote usiku kwa sababu kule kumeshakucha.

Kwa hiyo usimwendee na "hapana". Mwambie mrudi, mpange nyumba ya kawaida mwezi mzima, tena Januari, msimu wa mvua, siyo zile siku mlizochaguliwa na kampuni ya utalii. Nguo zipate ukungu kabatini, mkae ndani siku tatu mnaangaliana. Mkirudi bado anacheka tuzungumze mkataba wa kukodi, na mimi nitakuwa upande wake. Ila kabla ya hapo muulize, kazini kuna nini? Miaka mingapi hajalala vizuri? Muulize akiwa hana picha mkononi.

Na dipoziti, kama akaunti yenu inataka sahihi mbili, kalamu yako iweke mbali mpaka uniandikie barua ya pili.