Kwa mabinti wanaoanza mbio ndefu: yaliyo nje ya mazoezi

Wadogo zangu mnaowasili hapa Iten, Kenya, na jozi moja ya viatu pamoja na barua ya mwalimu wa michezo, kukimbia mtafundishwa. Jumanne mtapelekwa uwanjani, Alhamisi mtaingia katika kundi kubwa la mazoezi ya kubadili mwendo kwenye barabara za udongo, Jumamosi mtakwenda kilomita 30 na zaidi, na kwa kuwa mji wenyewe uko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwili utazidi kujenga damu hata mkiwa mmelala. Niliyaishi maisha hayo kwa miaka mingi bila kuwa nyota, mara nyingine nikilipwa kuwaongoza wenzangu kwa kasi hadi kilomita ya 30 kisha nijitoe, na niliona wasichana wenye miguu mizuri kuliko yangu wakitoka katika riadha mikono mitupu kwa sababu ya mambo yaliyoamuliwa na watu wengine kwa niaba yao. Hayo ndiyo ninayoyaandika.

Kwanza fahamuni kwamba kazi hii ni ndefu kuliko mtakavyoambiwa na wanaotaka kuwapeleka sokoni mapema. Vivian Cheruiyot alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Rio mwaka 2016, ndipo akahamia barabarani na kushinda London Marathon mwaka 2018. Hellen Obiri, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mara mbili, alimaliza wa sita katika marathoni yake ya kwanza, New York mwaka 2022, na miezi mitano baadaye akashinda Boston. Edna Kiplagat alishinda Boston mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 37. Kwa hiyo mtu akikuhimiza ukiwa na miaka 19 ukimbie marathoni nne kwa mwaka kwa madai kwamba huko ndiko kwenye fedha, muulize fedha hizo zitakuwa za nani, kwa maana mwili utakaochakaa ni wako.

Kuhusu fedha, tuhesabu pamoja. Tuseme umeshinda dola 10,000 katika mji mmoja wa Marekani. Serikali ya huko hukata asilimia 30 ya zawadi ya mgeni kabla hajaishika, na wakala anayekutafutia mashindano kwa kawaida huchukua asilimia 15 ya zawadi nzima, wala si ya kile kilichobaki, hivyo umebakiwa na dola 5,500 kabla ya kumpa kocha chake na kulipa deni la kambi. Tena zawadi hailipwi siku ile ya ushindi. Waandaaji husubiri majibu ya vipimo vya dawa zilizopigwa marufuku, jambo linaloweza kuchukua miezi, na wapo waliokwisha kukopa kwa kuitegemea. Mkataba wako usomwe na mtu asiyepata chochote kutokana nao. Kwa kila shindano dai karatasi ya hesabu inayoonyesha malipo ya kushiriki, zawadi, bonasi, kodi na makato. Akaunti iwe kwa jina lako, na laini ya simu inayopokea ujumbe wa benki ikae mfukoni mwako. Utaambiwa kwamba msichana mdogo hawezi kusimamia fedha nyingi. Ajabu ni kwamba huyo huyo huaminiwa kwenda kuzitafuta peke yake ugenini.

Fedha zikishapatikana hununuliwa ardhi, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Mwezi Septemba 2021 Agnes Tirop alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, nchini Ujerumani, kwa dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake hapa Iten akiwa na miaka 25, na mumewe akashtakiwa. Rebecca Cheptegei wa Uganda alikuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 alipomwagiwa petroli na kuchomwa moto huko Trans Nzoia, katika mgogoro uliohusishwa na ardhi, akafariki hospitalini Eldoret tarehe 5 Septemba. Siandiki haya kuwatisha msiolewe. Ninasema hati miliki iandikwe jina la aliyelipa, na risiti pamoja na taarifa za benki zihifadhiwe, kwa kuwa Sheria ya Mali ya Wanandoa ya Kenya ya mwaka 2013 huangalia mchango wa kila mmoja. Awe mwangalifu zaidi yule ambaye mumewe ndiye kocha wake na ndiye anayezungumza na wakala, maana siku ya ugomvi atapoteza vyote vitatu kwa pamoja. Waliomfahamu Tirop waliunda kundi la Tirop's Angels ili kuwasaidia wanawake wanaodhulumiwa. Litafuteni kabla mambo hayajaharibika.

Hedhi ikikatika kwa miezi, usifurahie kwamba umekuwa mwepesi. Mara nyingi ni dalili kwamba hauli vya kutosha, na mifupa hupasuka baadaye. Kuzaa nako si mwisho: Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, akatetea dhahabu yake ya mita 1,500 mjini Tokyo mwaka 2021. Hata hivyo, soma mkataba wa kampuni ya viatu inayokudhamini unasemaje kuhusu mimba kabla hujautia sahihi.

Limebaki suala la dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025 baada ya kipimo kuonyesha dawa ya kuongeza mkojo, na maelezo yake yakawa kwamba alimeza dawa za msaidizi wake wa nyumbani. Dawa isiyo na jina lililoandikwa usiimeze, hata ikitoka kwa mtu unayempenda. Ukishaingizwa katika orodha ya wanaopimwa, utatakiwa kutaja saa moja ya kila siku na mahali utakapopatikana. Ukikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, hilo ni kosa hata kama hujawahi kugusa dawa. Wengi huwaachia wakala au waume zao kujaza taarifa hizo. Zijaze mwenyewe, na neno la siri la mfumo unaozijazia usimpe mtu.